Masta ya Unesi ya Haraka: Unanunua Leseni ama Unanunua Jina?

Wasee, tuongee ukweli bila kuzungushana. Kama uko na digrii ya kitu kingine kabisa, sosholojia, biashara, IT, na umetarmaki mpaka soli ya kiatu imeisha, lazima umekutana na hii ahadi: enda Marekani, soma unesi miezi 15, toka na masta, anza kulipwa dola. Anayeongea kwa video amevaa sare ya hospitali, nyuma yake kuna gari nzuri, na chini kuna namba ya WhatsApp.

Sina shida na unesi. Ni kazi ya heshima, na wangapi hapa tumesomeshwa na pesa iliyotoka kwa shangazi anayefanya zamu za usiku Minnesota au Dallas? Sina shida hata na hizo programu zenyewe, nyingi ni za vyuo halali kabisa. Shida yangu ni vile tunazichagua. Tunachagua kwa maneno mawili tu, "haraka" na "masta", na hayo maneno mawili ndiyo yanauza mashamba ya wazazi wetu.

Msimamo wangu ni huu: ukilinganisha programu mbili za kuingilia unesi kwa ngazi ya masta, urefu wa kozi na ukubwa wa jina la chuo viwe vitu vya mwisho kuangalia. Angalia kwanza leseni, deni, na visa. Kama hizo tatu hazijibiki, hiyo programu si yako, hata kama imeandikwa jina gani kwa geti.

Mlango tofauti, mtihani mmoja

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini. Marekani, mtu mwenye digrii ya fani nyingine ana milango kadhaa ya kuwa nesi aliyesajiliwa, yaani RN. Kuna diploma ya kama miaka miwili ya chuo cha jamii, wanaiita ADN. Kuna digrii ya pili ya haraka, ABSN, ambayo kwa kawaida inachukua kati ya miezi 11 na 18. Halafu kuna hii yenye kelele, masta ya kuingilia unesi. Columbia kule New York wako nayo ya miezi 15. Johns Hopkins kule Baltimore yao ni semesta tano. Chicago kuna Rush na DePaul. Yale kwa miaka mingi wamekuwa na ya aina yao: mwaka wa kwanza unesi wa msingi, halafu muda unaobaki unabobea kwa upande mmoja.

Sasa shika hii vizuri. Hiyo milango yote inaishia kwa mtihani mmoja unaoitwa NCLEX-RN. Maswali kati ya 85 na 150, muda wa juu saa tano, kompyuta ikikuongezea ugumu kulingana na vile unajibu. Hakuna NCLEX ya watu wa masta. Aliyetoka chuo cha jamii na aliyetoka Columbia wanakaa kwa mtihani ule ule, wanapata leseni ile ile, na siku ya kwanza wodini wanapewa wagonjwa wale wale.

Na mshahara? Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani zinaonyesha mshahara wa kati wa RN Mei 2024 ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka. Huo ni wa nesi aliye katikati ya wenzake wote, wakiwemo waliokaa kazini miaka 20. Wewe mgeni utaanza chini ya hapo mahali pengi, na hospitali haikuongezi mara mbili ati kwa sababu cheti chako kimeandikwa masta. Inalipa kazi unayofanya na miaka uliyoifanya.

Kwa hivyo mtu akikwambia "utatoka na masta", muulize swali la pili haraka: masta ya kufanya nini?

Masta hazifanani

Hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwa gunia. Kuna masta ya kuingilia unesi inayokutoa ukiwa nesi wa kawaida wa wodini, mwenye masomo ya ziada ya uongozi na utafiti. Halafu kuna njia inayokupeleka mpaka kuwa NP, yaani yule nesi wa ngazi ya juu anayepima mgonjwa, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Hizo ni kazi mbili, leseni mbili, na mishahara miwili tofauti kabisa.

Kwa video zote mbili zinaitwa "masta ya unesi". Kwa kundi la WhatsApp la familia zote mbili zinapigiwa vigelegele. Lakini ukimaliza ile ya kwanza, wewe si NP. Ukitaka kuwa NP utarudi darasani tena, ulipe tena. Kweli, masta uliyonayo inaweza kukupunguzia safari, kuna vyeti vya baada ya masta vinavyomchukua mtu kama huyo. Lakini hiyo ni safari nyingine na bei nyingine, na mtu mwaminifu angekuambia kabla hujalipa pesa ya kushikilia nafasi.

Najua mbona neno "masta" linatushika. Sisi tumelelewa hivyo. Mathe anataka kusema kanisani mtoto wake anasomea masta ng'ambo. Hakuna mzazi anasimama na fahari kutangaza mtoto ameenda chuo cha jamii, hata kama huyo mtoto atamaliza bila deni na kufanya kazi kitanda kinachofuata hapo na mwenye masta. Kuna Wakenya wengi kule walipanda hii ngazi polepole: walianza kuosha na kulisha wazee kama wasaidizi wa manesi, wakaenda kuwa RN kwa diploma, wakasoma digrii wakiwa kazini, na wengine sai ni NP. Hakuna anayewatengenezea video kwa sababu hadithi yao ni ndefu na hakuna ajenti anakula kamisheni hapo.

Hesabu ya "miezi 15" ni ya uongo

Simaanishi chuo kinadanganya. Chuo kinahesabu kuanzia siku ya kwanza ya darasa mpaka siku ya mwisho. Wewe unafaa kuhesabu kuanzia leo mpaka mshahara wa kwanza. Hizo ni hesabu mbili tofauti.

Karibu programu zote hizi zinataka masomo ya awali: anatomia na fiziolojia pamoja na maabara yake, mikrobiolojia, takwimu, lishe, ukuaji wa binadamu. Kama digrii yako ilikuwa ya biashara, hayo huna. Kuyasoma yote kunaweza kula mwaka mzima au zaidi, na unayalipia. Vyuo vingine vinakataa somo ulilofanya zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita. Vingine havikubali maabara ya mtandaoni. Halafu digrii yako ya hapa lazima ipelekwe ikapimwe ilingane na ya kwao, hiyo pia ni ada na ni kungoja.

Ukimaliza chuo, kuna kungoja kibali cha kufanya NCLEX, kuna kufanya mtihani, kuna kutafuta kazi. Kwa hivyo ile "miezi 15" kwa mtu wa kawaida aliyesoma biashara Nairobi inakaribia miaka mitatu. Programu ya miezi 24 inayokubali masomo uliyo nayo tayari inaweza kukufikisha kabla ya ile ya miezi 15. Hii ni hesabu ya darasa la nne, lakini hakuna anayekufanyia kwa video.

Na hata hiyo miezi 15 yenyewe, manze, fikiria ni maisha gani. Ni masomo ya karibu miaka miwili na nusu yamekanyagwa yakaingia kwa miezi 15. Kuna madarasa, kuna wodi kuanzia saa moja asubuhi, kuna mitihani kila wiki. Vyuo vingi vinakuambia wazi usifanye kazi wakati wa kozi. Sasa wewe uliyepanga utakuwa unajilipia nyumba kwa kazi ya pembeni, umepanga na nani?

Deni: hapa ndipo pana uzito

Programu ya chuo binafsi kikubwa, ukijumlisha karo, nyumba, chakula na bima, inaweza kuvuka dola 100,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu milioni 13. Andika hiyo namba kwa karatasi, uiangalie.

Kama wewe ni raia wa Marekani au uko na kadi ya kijani, unaweza kukopa serikali. Lakini hata hapo mambo yamebadilika. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 inaondoa mkopo unaoitwa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Huo ndio uliokuwa unafunika gharama yote ya masta. Sasa mwanafunzi wa kawaida wa masta anawekewa mpaka wa dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Taaluma kama udaktari na sheria zimepewa mpaka wa juu, dola 50,000 kwa mwaka. Wizara yao ya Elimu ilipopendekeza orodha ya hizo taaluma mwishoni mwa 2025, unesi haukuwemo, na mashirika ya manesi yakapiga kelele kubwa.

Piga hesabu na mimi. Hata kozi yako ikigusa miaka miwili ya mkopo, hiyo ni dola 41,000. Programu ya dola 100,000 inakuacha na shimo la dola 59,000, zaidi ya milioni 7.6 za Kenya. Hiyo itatoka wapi? Kwa mkopo wa benki binafsi. Kwa hivyo binamu yako aliye Boston na kadi ya kijani mkononi, akichagua programu kwa sababu ya jina na huku ABSN ya chuo cha umma cha jimbo lake iko bei nusu, mwambie akae chini kwanza.

Na kama uko hapa Nairobi na unaenda kwa visa ya mwanafunzi, mkopo wa serikali ya Marekani hukugusi kabisa. Hata dola moja. Lazima uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza ndio chuo kikupe fomu ya I-20 ya kuombea visa. Kazi unayoruhusiwa ni ya ndani ya kampasi, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ziko kampuni binafsi zinazokopesha wanafunzi wa kigeni, lakini riba yake si ya mchezo. Wengine ndio hapo wanafanya harambee, wanauza ploti, wanaweka hati ya shamba benki. Shamba la guka wako linakuwa dhamana ya mtihani ambao hujui kama utapita.

Visa: kipande ambacho ajenti anaruka

Hii sehemu soma mara mbili.

Moja. Programu nyingi za haraka sai ziko nusu mtandaoni. Kwa visa ya F-1, ni somo moja tu la mtandaoni kwa muhula linahesabiwa kwa mzigo wako wa masomo. Kwa hivyo kuna programu nzuri tu, zenye sifa, ambazo haziwezi kukupa I-20. Utalipa ada ya maombi, utaandika insha, utakubaliwa, halafu uambiwe hawachukui wanafunzi wa kigeni. Hilo ni swali la barua pepe moja, ulize kabla.

Mbili. Ukimaliza, unapewa miezi 12 ya kufanya kazi kwa fani yako, wanaita OPT. Marafiki zako wa kompyuta na uhandisi wanaongezewa miezi 24. Unesi wa wodini hauko kwa hiyo orodha. Na kumbuka kungoja mtihani na kutafuta kazi kunakula hiyo hiyo miezi 12.

Tatu. Watu wanasema "utapata H-1B". Hiyo visa ni ya kazi ambayo kwa kawaida lazima mtu awe na digrii maalum ndio aingie. Unesi unaingilika na diploma ya miaka miwili, kwa hivyo nesi wa kawaida wa wodini kwa kawaida hahesabiwi hapo. Yaani masta yako haikusaidii, kwa sababu wanaangalia kazi inahitaji nini, hawaangalii wewe umesoma mpaka wapi.

Nne. Njia halisi ya manesi ni kadi ya kijani ya EB-3, mwajiri akikudhamini. Habari nzuri ni kwamba manesi wako kwa orodha inayoruka ile hatua ndefu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alikosa Mmarekani wa kuajiri. Habari mbaya ni foleni: katika 2025, aliyekuwa anafikiwa alikuwa ameanza kungoja zaidi ya miaka miwili nyuma.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Ruhusa yako ya kazi ni miezi 12. Foleni imekuwa zaidi ya miezi 24. Katikati hapo utakuwa unafanya nini, na deni la milioni 13 likikupigia simu kila mwezi? Wengi wanarudi chuo tena, kozi nyingine, karo nyingine, ndio wasikose hadhi ya kukaa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo video inaisha kabla ya kufika.

Linganisha na mtu aliyesomea unesi hapa. KMTC diploma ni kama miaka mitatu, digrii ya BScN ni miaka minne. Anasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, vyeti vyake vinapimwa, anafanya NCLEX, anatafuta mwajiri wa kumdhamini EB-3. Foleni ni ile ile, lakini yeye anaingoja akiwa nyumbani, bila deni la dola. Akifika kule anafika na kadi ya kijani. Akitaka masta, hapo ndipo anaisoma, mara nyingi mwajiri akisaidia kulipa. Kwa kijana wa form four anayesoma hii post, tafadhali sikia: kama lengo lako ni unesi, hauhitaji kupitia digrii ya biashara kwanza ndio ukanunue unesi wa haraka baadaye. Anza na unesi.

"Lakini Kenya hakuna kazi"

Najua. Nimesikia hilo na ni kweli, sitalipaka rangi. 2017 manesi wa kaunti waligoma miezi mitano. 2025 wahudumu wa afya wa UHC walikesha barabarani Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Tunafundisha manesi halafu tunawaacha watarmaki huku wodi moja ikiwa na nesi mmoja kwa wagonjwa 40. Hiyo ni aibu ya serikali na hakuna mtu anafaa kulaumu kijana anayetaka kutoka.

Lakini hasira ya Kenya isikufanye ununue chochote kilichoandikwa Marekani. Tumeona hii sinema. Wazazi wa Uasin Gishu walitoa pesa za masomo ya Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti, na 2023 wakaishia kuandamana Eldoret wakidai pesa zao. Hao hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye haraka, na waliamini kwa sababu kuna mtu mwenye cheo alikuwa mbele.

Na hata huko Marekani, haraka ina biashara yake chafu. Januari 2023 serikali yao ilitangaza kesi iliyoitwa Operation Nightingale. Shule tatu za Florida zilihusishwa na uuzaji wa zaidi ya diploma 7,600 feki za unesi. Watu walinunua karatasi ndio wakae kwa NCLEX bila kusoma, na baadaye majimbo yakaanza kufuta leseni. Hiyo ilikuwa uhalifu, na sisemi programu za masta ziko hivyo. Ninachosema ni kwamba neno "njia ya mkato" likitajwa kwa unesi, uliza maswali mara mbili, kwa sababu mwisho wa hii kazi kuna mtu amelala kitandani.

Kitu kingine watu hawafikirii ni kurudi. Nesi wa Kenya anafundishwa pia ukunga na afya ya jamii. Marekani, ukunga wa nesi ni utaalamu wa peke yake wa ngazi ya masta. Kwa hivyo hiyo masta yako ya haraka ukiileta hapa siku moja, Baraza litaipima, na si lazima ilingane. Usidhani ukishindwa kule unaingia tu hospitali ya kaunti na cheti cha New York.

Nani basi afanye hii masta?

Wako watu inawafaa, na itakuwa uongo kusema hakuna. Kama uko na uraia au kadi ya kijani, shida ya visa imeisha. Kama umepewa ufadhili unaoshusha bei mpaka ikaribiane na ABSN, basi masta ni faida. Kama unajua kabisa unataka kufundisha unesi, kuongoza, au kuendelea mpaka NP, na hiyo programu inakupeleka huko moja kwa moja, kuna maana. Kama tayari una masomo ya sayansi, ulifanya baiolojia au lishe, hesabu ya muda inabadilika. Mtu wa aina hiyo akichagua masta simcheki, amepiga hesabu.

Lakini huyo si mtu anayelengwa na zile video. Video zinalenga yule aliyechoka.

Ukiwa na barua mbili mkononi

Tuseme umekubaliwa programu mbili. Usiulize ni ipi kubwa. Uliza hivi, kwa maandishi, chuo chenyewe, sio ajenti:

1. Je, bodi ya wauguzi ya jimbo imeidhinisha hii programu, na iko na ithibati ya CCNE au ACEN? Bila hiyo, waajiri wengi na vyuo vya mbele hawatakutambua. Usiishie kwa jibu lao, hakikisha kwa orodha ya bodi.

2. Wangapi walipita NCLEX mara ya kwanza? 2024, karibu asilimia 91 ya waliosomea Marekani walipita mara ya kwanza. Programu iliyo chini sana ya hapo ijieleze.

3. Wangapi walianza na wangapi walimaliza? Hili ndilo swali kali. Chuo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa sababu walio dhaifu walitolewa kabla ya mtihani. Wewe ukitolewa mwezi wa tisa, unabaki na deni bila leseni.

4. Nitatoka nikiwa RN tu, ama NP? Na kama ni NP, nani anatafuta mahali pa mazoezi na msimamizi, nyinyi ama mimi? Kuna vyuo vinamwachia mwanafunzi ajitafutie, na mgeni asiyejua mtu mjini atahangaika.

5. Mazoezi ya wodini yanafanyika hospitali gani, na ni saa ngapi kwa jumla? Hospitali unayofanyia mazoezi mara nyingi ndiyo inakuajiri kwanza.

6. Gharama yote ni ngapi, sio karo peke yake? Bima, sare, vitabu, nyumba, usafiri wa kwenda hospitali ya mbali bila gari.

7. Kwa wa visa: mmewahi kutoa I-20 kwa hii programu hasa, na wahitimu wenu wa kigeni waliishia wapi?

Chuo kizuri kinajibu haya kwa siku chache. Kikizunguka zunguka, umeshapata jibu lako.

Ukimaliza hapo, weka programu zote mbili kando ya ABSN moja ya bei nafuu, na kando ya njia ya kusomea hapa. Piga hesabu kuanzia leo mpaka siku deni linaisha. Kama masta bado inashinda, enda, na tutakusindikiza mpaka JKIA. Kama haishindi, waambie wazazi mapema kabla ya shamba kupimwa.

Kwa nyinyi mnaouza hizi ndoto na namba za WhatsApp: mtoto wa mtu akilipa, mnachukua kamisheni yenu siku hiyo hiyo. Yeye atalipa miaka 10. Angalau mwambieni kuhusu miezi 12 ya OPT na foleni ya miaka miwili kabla hajatuma pesa. Kama hiyo sentensi moja inaweza kuua biashara yenu, basi mnajua vizuri ni biashara gani mnafanya.

Na wewe uliye na fomu wazi kwa simu sai, usilipe leo. Tuma kwanza hayo maswali saba.